Makorongo ya Mpanda

Neno korongo lina maana mbili katika Kiswahili, na mwanafunzi huzitenganisha kwa upatanisho wa sarufi. Akisikia kuwa korongo ameruka, hujua kuwa asemwaye ni ndege, yule mwenye miguu mirefu asimamaye majini kwa saburi akimvizia samaki. Akisikia kuwa korongo limechimbika, hujua kuwa lisemwalo ni bonde jembamba lililokatwa na maji ya mvua. Kwa miaka mingi nimeufundisha mfano huu kama jambo la ngeli tu, na wanafunzi wangu wameuandika daftarini na kuusahau baada ya mtihani, kama ilivyo ada. Lakini mwaka mmoja, katika mwezi wa Agosti, nilisimama ukingoni mwa kijito katika mji wa Mpanda, nikatambua kuwa ngeli zaweza kuwa historia. Korongo amekwenda, korongo limebaki.

Kijito kile hakikuwa na maji ya kutosha kulowesha kifundo cha mguu. Ukingo wa upande mmoja ulikuwa umeliwa na wafyatua matofali, na mashimo yao yalikuwa yamejaa chupa za plastiki na matambara. Upande wa pili mwanamke alikuwa akimwagilia mchicha kwa ndoo aliyoichota katika kisima kifupi kilichochimbwa katikati ya mkondo. Niliwauliza vijana waliokuwa wakiosha pikipiki jina la mahali pale. Mmoja akasema, "Ni mtaro." Mwingine akasema, "Ni korongo tu." Mtoto aliyepita na mfuko wa takataka kichwani hakusema neno, aliutupa mfuko wake akaenda zake, na jibu lake lilikuwa wazi kuliko ya wenziwe. Palikuwa na mzee ameketi chini ya mwembe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," akaitika, "Marahaba, mwanangu," nikamwuliza swali lile lile. "Huu ni mto," akasema. Vijana wakacheka. Mzee hakukasirika. Aliongeza tu kwamba katika ujana wake alivua kambale pale pale walipokuwa wakioshea pikipiki zao.

Mtu aweza kuniambia kuwa mwalimu wa lugha huona lugha kila mahali, kama mvuvi aonavyo samaki katika kila wimbi. Nakubali. Walakini nasema kuwa kicheko cha vijana wale ni jambo la kuogopwa kuliko takataka. Takataka zaweza kuzolewa kwa siku moja na watu wenye majembe na mikokoteni. Mahali palipopokonywa jina la mto, pakaitwa mtaro, hapapati jina lake tena kwa siku moja, na kila atupaye kitu pale hajioni kuwa ametenda kosa, kwa maana mtaro ndio mahali pa kutupia.

Neno langu katika makala hii ni moja. Ardhi iliyo kando ya vijito vya Mpanda haikosi ulinzi kwa sababu sheria haipo. Yakosa ulinzi kwa sababu haina kazi ijulikanayo na watu. Ni lazima ipewe kazi, na kazi iifaayo ni mapumziko ya watu pamoja na makazi ya ndege na wanyama wadogo. Wako wanaodhani kuwa kazi hizi mbili hazichukuani, na wako wanaodhani kuwa zote mbili ni anasa. Nataka kuwajibu wote, na sitawajibu kwa upole mwingi, kwa kuwa mji wakua haraka kuliko upole wetu.

Kwanza tuitazame sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, yakataza shughuli za kudumu, na zile ziwezazo kudhuru hifadhi ya mahali, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikwisha kutangulia kuihesabu ardhi hiyo katika ardhi ya hatari. Msomaji na aitafakari orodha ambamo ukingo wa mto umewekwa: pamoja nao zatajwa ardhi oevu, miteremko mikali, na ardhi iliyotengwa kwa kutupia taka zenye sumu. Najua mwanasheria atasema kuwa orodha ya sheria si ushairi, na kuwa vitu viwili kukaa katika kifungu kimoja si kusema kuwa vyafanana. Ni kweli. Lakini mwananchi hafiki hata kwenye kifungu. Yeye hupata neno moja tu, nalo ni marufuku. Huambiwa usijenge, usilime, usifyatue, usichimbe. Haambiwi fanya nini. Na mahali ambapo mtu mwema amekatazwa kufanya lolote hubaki mikononi mwa mtu asiyejali kukatazwa.

Hapo ndipo ubaya wetu ulipo. Tumezoea kudhani kuwa kuhifadhi ni kuondoa watu. Mti ukihifadhiwa, watu hufukuzwa chini yake. Chemchemi ikihifadhiwa, huzungushiwa seng'enge. Katika pori kubwa njia hii ina sababu zake. Katikati ya mji haina maana, kwa kuwa askari wa kulinda kila kijito hapatikani, na kama angepatikana angelala usingizi saa nane za usiku, wakati magari ya kubeba mchanga yajapo. Mlinzi asiyelala ni mama aliyezoea kupita njia ile jioni pamoja na watoto wake, naye amechukia kuona njia yake imeharibiwa. Kijito cha mjini hulindwa na wale wanaokipenda, na mtu hawezi kukipenda kitu ambacho hakuruhusiwa kukikaribia.

Naombwa ushahidi, nami nautoa. Msitu wa Karura, ulio ndani ya jiji la Nairobi, una mito na maporomoko ya maji, na katika miaka ya 1990 ulikuwa umekatwa vipande vya kugawiwa wajenzi. Wangari Maathai na wenziwe walikwenda kupanda miti pale katika Januari 1999, wakapigwa hata wakatoka damu. Msitu ukaokoka. Walakini baada ya kuokoka kwake bado watu waliuogopa, kwa kuwa ulikuwa maficho ya wanyang'anyi. Ulipofunguliwa njia za kutembea, baiskeli na mahali pa kupumzikia, baada ya mwaka 2009, ndipo ulipopata wenyewe. Leo mtu akitaka kumega kipande cha Karura hukutana na maelfu ya watu ambao miguu yao yaujua. Karura hutoza kiingilio, na juu ya hilo nina shauri tofauti, nitalisema mbele.

Sasa turudi Mpanda. Mji huu ulizaliwa na madini ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kubeba madini hayo, na mgodi ulipofungwa, mji ulibaki na reli yake na maembe yake, mji mdogo usio na haraka. Siku hizo zimepita. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 katika eneo lake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Yaani katika miaka 10 mkoa umezidi maradufu. Barabara za lami kutoka Tabora na Sumbawanga zimeingia mjini, na pamoja nazo wameingia wafanya biashara, wakulima, wafugaji na wachimbaji wa dhahabu. Watu hawa wote wahitaji matofali, mchanga, mboga na mahali pa kujenga, na vyote hivi hupatikana kwa urahisi bondeni. Kwa hiyo simlaumu mfyatua matofali. Namlaumu apimaye viwanja hata karibu na maji, kisha akauacha ukingo katika ramani yake kama karatasi nyeupe.

Karatasi ile nyeupe si ndogo. Chukua kijito kimoja tu kipitacho mjini kwa kilomita moja. Mita 60 za upande huu na mita 60 za upande ule ni mita 120. Zidisha kwa mita 1,000, wapata mita za mraba 120,000, yaani hekta 12. Viwanja zaidi ya 15 vya mpira vyaingia humo. Hekta 12 kwa kila kilomita, ambazo kwa sheria hakuna mtu awezaye kujenga juu yake, na ambazo hazikununuliwa kwa fedha ya mtu yeyote! Miji mingine hutoa mabilioni kupata ardhi ya namna hiyo. Mpanda imepewa bure na mvua.

Lakini ukizungumza habari ya wanyama na ndege mjini Mpanda, utaambiwa uende Sitalike. Huko, mwendo mfupi upande wa kusini, ndiko uliko mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na ambayo eneo lake ni kilomita za mraba 4,471. Msafiri apitaye daraja la Sitalike huweza kuwaona viboko katika Mto Katuma bila ya kulipa hata senti. Mimi naipenda hifadhi ile. Nimewaona korongo wenye mdomo wa njano wamesimama katika maji ya tambarare zake kama mahujaji weupe, na macho yangu hayajaona jambo lipitalo lile kwa uzuri. Ndiyo maana nachukizwa na hoja ya Sitalike. Hoja hiyo yaugawa ulimwengu sehemu mbili: huku watu na takataka zao, kule wanyama na watalii wao. Mtoto wa Mpanda huzaliwa, husoma, hukua na kuoa karibu na moja ya hifadhi kubwa za nchi, naye hajapata kumwona ndege wa majini ila katika picha ya kalenda. Kisha tunamtaka awe raia mwema mwenye kuipenda hifadhi.

Na ugawaji huo ni uongo hata kwa wanyama wenyewe. Mto Katuma hauanzi hifadhini. Watoka katika miinuko iliyo nje, hupita katika mashamba ya watu, ndipo huingia hifadhini na kulisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Watafiti walioandika juu ya mto huo katika miaka ya 2000 na baadaye walieleza jinsi ulivyoanza kukauka kwa muda mrefu katika kiangazi, kwa sababu maji yake yalizuiwa na kuchepushwa huko juu kwa kilimo cha umwagiliaji, hasa cha mpunga. Viboko waliokuwa wakigawana mto mzima wakasongamana katika vidimbwi vya tope kama abiria katika basi la sikukuu. Hakuna seng'enge ya hifadhi iliyoweza kuwasaidia, maana adui hakuingia kwa mlango. Alikaa mbali akafunga mfereji. Basi mtu asiniambie kuwa maji ya watu ni shauri moja na maji ya wanyama ni shauri jingine. Mkulima aliyezoea toka utoto kuona kijito cha mjini kikiuawa mbele ya macho ya wakubwa wake, bila ya neno, atajifunza wapi kuwa Katuma ina haki ya kupita?

Yako majibu mawili ambayo nimeyasikia mara nyingi, nami siyadharau.

La kwanza ni la hofu. Watu husema, "Bwana, ukiwaita wanyama, watakuja na wale usiowaita." Ndani ya mipaka ya Manispaa ya Mpanda, katika Kata ya Misunkumilo, liko Bwawa la Milala, ambamo wamo viboko. Kiboko si mchezo. Hutoka usiku kula majani, na akutanaye naye njiani kati yake na maji huenda asirudi nyumbani kusimulia. Sitaki kumdanganya mtu kwa maneno matamu: pale Milala, mahali pa watu ni mbali na maji, penye ukuta au jukwaa la kutazamia, tena mchana. Ingekuwa ni wendawazimu kuweka mabembea ya watoto kwenye mapito ya viboko. Lakini kutokana na Milala kusema kuwa kila kijito cha mji kiachwe kiwe jaa, hapo hofu imegeuka kisingizio. Kijito kipitacho kati ya nyumba, chenye maji ya magotini wakati wa masika na mchanga mtupu wakati wa kiangazi, hakimtunzi kiboko. Chaweza kumtunza mdiria, kulastara, yangeyange, kobe, kenge na vyura, na mbega au tumbili kama ukanda wa miti waungana na msitu ulio nje. Hao ndio wageni nisemao. Na nani asiyejua kuwa nyoka hupenda zaidi lundo la taka lenye panya kuliko njia iliyofyekwa ipitwayo na watu kila siku?

Hata hivyo mji ukikataa ndege hawaishi kuja, huja wengine. Nendeni Kampala mkamtazame yule korongo mwenye upara na mfuko wa nyama shingoni, akaaye juu ya miti ya barabarani na kushuka majaani. Ni ndege wa heshima zake, wala simtukani. Ila yeye ndiye korongo ambaye mji humpata usipochagua.

La pili ni jibu la umaskini, nalo ni zito zaidi. Husemwa kuwa Mpanda ina haja ya maji ya bomba, zahanati, madarasa na barabara. Mapumziko ni mambo ya Ulaya, au ya wenye magari. Msemaji wa maneno haya aghalabu ni mtu mwenye mahali pa kupumzikia. Yeye akitoka kazini huketi katika baa yenye kivuli na viti, hununua soda au bia, na kiti chake kwa kweli amekikodi. Mke wake anapumzika wapi? Mtoto wa darasa la tano akitoka shule acheze wapi, barabarani katikati ya pikipiki? Mwanafunzi wa sekondari ambaye nyumbani kwao ni chumba kimoja cha watu sita akasome wapi? Kijana na mchumba wake, wasiotaka kufanya jambo la aibu ila kuzungumza, wazungumzie wapi isipokuwa gizani? Tajiri anaweza kununua kivuli. Asiye na fedha hana kivuli ila kile cha wote, na cha wote kikikatwa hapewi kingine. Kwa hiyo nasema, si kwa kupamba maneno, kwamba bustani ya wazi ni haja ya maskini kabla ya kuwa haja ya mtu mwingine yeyote.

Lakini hoja ya umaskini ina upande ambao wapenda bustani wenzangu huuepuka, nami sitauepuka. Yule mwanamke wa mchicha. Ukisema mita 60 zitakuwa mahali pa mapumziko na ndege, yeye atakwenda wapi? Nimeona katika miji mingine jinsi jambo hili linavyofanywa: siku moja huja watu na mapanga na tingatinga, mboga hung'olewa, halafu hupandwa majani ya kukatwa kwa mashine, huwekwa lango, na baada ya mwaka mahali pale pamekuwa ukumbi wa harusi na kupigia picha za maarusi, kwa tiketi. Kama hayo ndiyo mapumziko yasemwayo, basi niandikeni katika upande wa mchicha. Mchicha wake walisha watu. Majani yale hayalishi hata mbuzi, maana mbuzi amekatazwa.

Walakini hatulazimiki kuchagua moja kati ya haya mawili. Mita 60 ni nafasi pana. Hatua chache za kwanza kutoka majini ziachiwe matete na miti, wala jembe lisiguse pale, kwa maana pale ndipo mmomonyoko uanzapo na ndipo ndege watagapo. Nyuma yake ipite njia ya miguu. Nyuma ya njia, mbali na maji, mboga zaweza kubaki kwa majira, bila ya jengo na bila ya dawa za sumu, kwa kibali kiandikwacho na kujulikana. Wanasheria wana kazi ya kufanya hapo, na waifanye, kwa kuwa kifungu cha 57 chasema juu ya shughuli za kudumu na zidhuruzo. Tuta la mchicha si la kudumu, na njia ya udongo chini ya mikuyu haimdhuru mtu. Tena mwanamke yule yuko pale kila siku, alfajiri na jioni. Kuna mlinzi gani wa manispaa awezaye kusema hivyo?

Na juu ya kiingilio: Karura ni msitu wa karibu hekta 1,000 katika jiji lenye matajiri wengi, na fedha za langoni zilisaidia kulipa walinzi wake. Katika kijito cha Mpanda lango ni upuuzi. Ukanda mwembamba wenye urefu wa kilomita kadhaa, upitao nyuma ya nyumba za watu, haufungiki, na ukifungwa umekufa. Uwe wazi pande zote kama barabara.

Iko sababu nyingine ya kufanya haraka, na jina lake ni Msimbazi. Mto huo watoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hukata jiji la Dar es Salaam, na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Bonde lake la chini lilijulikana toka zamani kuwa si mahali pa kujenga. Watu walicheza mpira na kufanya mikutano Jangwani. Lakini bonde liliachwa bila ya kazi ya kutosha na bila ya mwenyewe, na polepole nyumba zikaingia, kisha karakana, kisha hata kituo cha mabasi ya mwendokasi. Desemba 2011 mvua zikanyesha, watu wakafa, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yakarudi mwaka baada ya mwaka. Hata Uwanja wa Kaunda wa klabu ya Yanga, pale Jangwani, uligeuka bwawa, na mashabiki wa upande wa pili hawakukosa la kusema. Mwisho wake ni nini? Mwaka 2022 serikali na Benki ya Dunia wakaanza mradi wa dola za Marekani milioni 260 wa kuliendeleza bonde hilo, kulipa fidia, kubomoa nyumba, kuinua daraja na kufanya sehemu ya bonde kuwa bustani kubwa ya jiji. Yaani baada ya vifo, baada ya machozi, na kwa mkopo, Dar es Salaam yanunua kitu kile kile ambacho Mpanda inacho leo bure. Sina ugomvi na bustani ya Msimbazi. Ugomvi wangu ni na mtu aionaye bustani ile, akaisifu, kisha akarudi Mpanda na kupima kiwanja mita 15 kutoka majini.

Wako pia watakaosema kuwa dawa ni saruji: kijito kijengewe kuta, kinyoshwe, maji yapite mbio, mambo yaishe. Hao wafahamu kuwa wenye saruji nyingi kuliko sisi wameanza kuivunja. Singapore, nchi isiyo na nafasi ya kuchezea, ilikuwa na mfereji wa zege wa kilomita 2.7 katika Mto Kallang, kando ya bustani ya Bishan. Waliuvunja, wakauacha mto upinde kwa kilomita 3.2 katikati ya majani, na mwaka 2012 wakaufungua kwa watu. Mvua kubwa ikija, bustani hujaa maji na watu huondoka. Maji yakipungua, watu hurudi. Fisi maji nao walirudi, katikati ya maghorofa, na watu husimama kuwatazama. Mfereji wa zege hupeleka mafuriko kwa jirani wa chini kwa haraka zaidi. Ukingo mpana wenye miti huyapokea na kuyakalisha.

Sitaki kuandika kana kwamba mambo haya ni ya kigeni kwa Katavi. Wenyeji husimulia kuwa jina lenyewe la Katavi latokana na Katabi, mwindaji wa zamani ambaye roho yake hukaa katika mkwaju karibu na ziwa, na watu wamekuwa wakiweka sadaka zao chini ya mti huo. Mwenye dini yake na aendelee na dini yake. Mimi sitoi fatwa. Natazama jambo moja tu katika masimulizi hayo: kwamba maji yalikuwa na mti, mti ulikuwa na mwenyewe, na watu walikuwa na sababu ya kwenda pale na kuketi kwa adabu. Mambo yote matatu yameondoka katika kijito cha mjini. Hayupo Katabi, haupo mkwaju, wala hapana mahali pa kuketi.

Hautakiwi mradi wa mamilioni ya dola kuyarudisha. Yatakiwa mambo machache, nami nayasema kwa madiwani na wapima ardhi, na kwa vyuo vyetu ambavyo hupeleka wanafunzi kila mwaka kuandika tasnifu juu ya tembo na havimpeleki hata mmoja kuandika juu ya kijito. Ramani ya mji iuandike ukingo wa kila kijito kwa jina lake na kwa kazi yake, isiuache mweupe. Wafyatua matofali waonyeshwe mahali pengine penye udongo kabla ya kuondolewa, si baada yake. Taka zipate gari na siku ya gari, maana kumkataza mtu jaa bila ya kumpa jaa jingine ni kumfundisha kutupa usiku. Shule zilizo karibu na maji zipewe kila moja mita mia chache za ukingo, watoto wahesabu ndege mara moja kwa mwezi na kuandika majina yao kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Kibende na Kipimbwe vina majina ya ndege ambayo kamusi zetu hazijayasikia. Na ipandwe miti ya hapa hapa, mikuyu na mikwaju, wala si mikaratusi inyweayo maji kama ngamia.

Mvua za Mpanda huanza Novemba. Mkuyu hushika hata kwa kipande cha tawi kilichokatwa na kuchomekwa katika udongo wenye unyevu, nami nimeambiwa na mzee yule wa chini ya mwembe kuwa mikuyu mikubwa ya kijito kile ilikatwa kwa kuchomea matofali, ila mmoja ulio karibu na daraja. Matawi yake yanatosha kwa kilomita nzima. Nilipomwuliza ni nani atakayeyachomeka, alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza jambo lililokwisha kufundishwa, akasema kuwa yeye mgongo wamwuma, lakini wale vijana wa pikipiki wana mikono.